Alikwishapona Zamani

Foleni ya kujiandikisha kupiga kura ilikuwa imetoka nje ya lango la skuli na kupinda hadi barabarani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mwaka ule wa uchaguzi mji wa Wete haukutulia. Bendera za vyama zilipandishwa asubuhi, zikashushwa, zikapandishwa kwengine, na watu walisukumana kwa viwiko kana kwamba kura zenyewe zingekwisha.

"Dada, huo unaoukanyaga ni mguu wangu."

"Basi uondoe," alijibu Safaa bila kugeuka.

"Niupeleke wapi? Huku kuna mzee kaniegemea tangu asubuhi."

Safaa aligeuka akiwa tayari kugomba, akajikuta anacheka. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, kofia ya kiua ameipandisha nyuma ya kichwa. Naye kijana, ambaye jina lake Muadh, fundi wa pampu za visima anayefanyia kazi Micheweni, aliona baibui la buluu lililoshonwa likamkaa sawasawa mwenyewe, ushungi wa rangi ya zafarani, na macho yasiyotulia mahali pamoja.

Hapo akatokea Bi Mwatima na mwavuli. Aliufungua juu ya kichwa cha binti yake, akamtia chupa ya maji mkononi, akapaza sauti: "Jamani mpisheni, huyu mgonjwa!"

Wanawake wakapisha. Wawili watatu wakamtazama Safaa kwa huruma.

"Mama, mie si mgonjwa."

"Nyamaza. Jua hili weye huliwezi."

Safaa alipelekwa mbele kama mtoto, uso unamwaka. Alipotoka alimkuta Muadh bado yuko foleni.

"Mgonjwa," Muadh alimwita kwa sauti ya chini, "mbona ulitusukuma sote? Nipe namba yako. Nikikuta foleni nyengine nikuite unisaidie."

Alimpa.

Simu zilianza jioni ile ile. Safaa alikuwa fundi wa nguo za harusi, cherehani yake ipo ukumbini kwao Jadida, na sasa alishona simu imebanwa baina ya sikio na bega.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Namshonea mtu gauni."

"Lako utalishona lini?"

"Huna haya, Muadh."

"Haya niliiacha kwenye foleni."

Lakini kila alipokata simu Safaa alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Kulikuwa na neno hajalisema. Mwisho alilisema, akiwa ameuzima mlio wa cherehani.

"Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza. Saratani ya damu. Nilikaa Dar miaka, sindano za uti wa mgongo, nywele zote zikaanguka. Nikapona, Muadh. Nimepona zamani. Lakini daktari alisema dawa zile huenda zikanizuia kuzaa. Huenda. Hakuna anayejua."

Aliitoa simu begani, akaishika kwa mikono miwili.

"Muadh?"

"Nipo. Sitaki kukujibu upuuzi, Safaa. Niache nilale nalo. Kesho n'takupigia."

Na kweli alipiga. Safaa alikuwa ameingia kukoga, simu ikaita juu ya meza, Bi Mwatima akaichukua.

"Safaa hayupo, mwanangu. Ugonjwa umemrudia, kapelekwa Dar. Usimpigie, muache apumzike."

Hakupanga kusema vile. Maneno yalitoka, naye akabaki ameishika ile simu. Tangu ujana wake watu walimjua kuwa ni mama wa yule mtoto mgonjwa. Hata mumewe alipofariki, waliokuja kumpa pole walimuuliza kwanza hali ya Safaa. Akaifuta namba kwenye orodha ya simu zilizoingia, akairudisha simu mezani.

Safaa alingoja siku ile, na ya pili. Alipopiga yeye, namba haikupatikana. Akajiambia: ameogopa, kama wengine waliomtaka kabla yake. Akaizima simu, akashona hovyo, akafumua, akashona tena. Gauni la bibi harusi mmoja alilishona mikono yote miwili upande wa kulia.

"Ushajichosha," alisema mama yake. "Lala kidogo."

"Sijachoka! Nina hasira! Hivi hata hasira kwangu ni ugonjwa?"

Kaka yake, Fahmi, alikuwa mlangoni akivua viatu.

"Mama, umwambie," alisema. "Nilikusikia ukizungumza na yule kijana. Nimenyamaza nikidhani utasema mwenyewe."

Bi Mwatima alikana, kisha akasema yote, kisha akalia. "Nilikuchunga mie! Nani mwengine atajua kukuchunga? Siku ukipata homa, yeye atajua nini?"

"Na mie ulinichunga lini, mama?" Fahmi aliuliza, bila ukali. "Uliniacha kwa bibi, kule Kisiwa Panza, sijajua hata kufunga kifungo. Uliporudi nilikwambia shikamoo shangazi. Sikulaumu. Mtoto wako alikuwa anakufa. Lakini hafi tena, mama. Yupo hapa, na weye bado hujarudi."

Safaa aliiwasha simu. Namba bado haikupatikana. Alikuwa anavaa baibui aende mwenyewe Micheweni pale mtu alipobisha hodi.

Muadh alisimama kizingitini na begi begani, ndevu hazijachongwa, macho mekundu. Alipomuona Safaa begi likamporomoka.

"Upo," alisema. "Wallahi, upo."

"Ulikuwa wapi weye?"

"Dar. Nimeibiwa simu bandarini. Nimezunguka hospitali ya saratani wodi kwa wodi nikiulizia jina lako. Mpaka ya watoto nimeingia, Safaa. Wana vipara, wanakimbizana na puto kama mpira. Mmoja kanifunga goli." Akaliokota begi. "Muuguzi akaniuliza, weye nani kwa mgonjwa? Nikasema mchumba wake. Sasa nimekuja uniondoe kwenye uongo."

Safaa alijifunika uso kwa ushungi, mabega yanatikisika. Haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

"Na nisipozaa?"

"Tutakuwa wawili. Nilitaka kukwambia hivyo siku ile niliyopiga."

"Nina sharti. Usije ukaniuliza kila asubuhi nimeamkaje."

"Hata kwa salamu?"

"Kwa salamu ruhusa."

Muadh akamgeukia Fahmi, ambaye ndiye walii wa kumuozesha dada yake, akasema wazee wake watakuja Ijumaa kuposa. Fahmi akamtazama mama yake. Wote wakamtazama. Bi Mwatima alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono mitupu mapajani, haijui iende wapi. Alimtazama yule kijana kwa muda: midomo imemkauka, kola imeingia vumbi la safari.

"Umekula?" alimuuliza.

"Bado, Bi Mwatima. Tangu jana."

Akasimama. "Safaa," alisema akielekea jikoni, na kwa mara ya kwanza hakumwambia apumzike, "njoo unikunie nazi."