Picha Ambayo Yasmina Hakuicheka

Conrad, kijana wa jirani yetu hapa Remera, hakuwa mtu wa kuamini uchawi hata kidogo. Alikuwa mchoraji wa Sindano, gazeti la utani la wanafunzi chuoni kwao. Kila toleo mtu mmoja alichorwa, achekwe na chuo kizima. Sharti lilikuwa moja tu, tangu enzi za waliolianzisha: aliyechorwa aonyeshwe kwanza, acheke, aandike chini ya picha "Nimecheka" kwa mkono wake. Ndipo gazeti ligawiwe.

Jumatatu hiyo zamu ilikuwa ya Yasmina, binti wa fundi cherehani wa Nyamirambo. Yeye na Conrad walikuwa chanda na pete. Na kwa kuongea, Yasmina alikuwa hana mpinzani, basi Conrad akamchora bila mdomo. Ila Yasmina alikuwa kwao akijiandaa, maana Ijumaa angetetea tasnifu yake mbele ya jopo. Conrad akaona uvivu kupanda basi hadi Nyamirambo kwa ajili ya neno moja. Uvivu tu, hakuna kingine. Akagawa nakala, watu wakavunjika mbavu.

Jumanne Yasmina alimpigia simu, sauti imemkauka.

"Nasikia umenichora. Koo linanikereketa, sijui nini."

Jumatano Conrad akampigia yeye; simu ikapokelewa, lakini Yasmina hakusema kitu. Zilisikika pumzi tu.

Hapo Conrad akalikumbuka sharti. Akachukua kalamu, akauchora mdomo kwenye picha. Wino ukazama, karatasi ikabaki nyeupe. Akachora tena. Ikabaki nyeupe.

Alhamisi asubuhi alikuwa Nyamirambo, gazeti mkononi. Mama yake Yasmina alimpokea mlangoni, akanong'ona, "Mwanangu, tangu jana hali chakula. Midomo haifunguki."

Yasmina alikuwa amekaa kitandani, midomo imeshikana. Conrad akapiga magoti, akamwekea picha mbele ya macho.

"Nisamehe. Cheka tu. Hata kidogo."

Alijaribu, maskini. Mabega yakatikisika. Machozi yakamtoka. Mdomo haukufunguka. Conrad akamshika mkono, hana la kufanya, akiutazama mstari wa midomo ukififia. Ukafifia. Ukaisha. Kuanzia puani hadi kidevuni ikabaki ngozi tupu.

Hospitalini walimtoboa tumbo, wakapitisha mpira wa chakula. Daktari akauliza kama alizaliwa hivyo. Ijumaa asubuhi jopo likamngoja Yasmina, likachoka, likaondoka.

Mchana wake Conrad alikwenda kwenye ofisi ya gazeti kukusanya nakala azichome. Moja ilikuwa bado imebandikwa ukutani. Picha ilikuwa na mdomo sasa. Umefunguka, unacheka, meno yote nje. Chini yake, kwa mwandiko wa Yasmina anaoujua vizuri, pameandikwa: Nimecheka.

Conrad akaugusa ule mdomo kwa kidole. Karatasi ilikuwa na mate, na yalikuwa bado ya moto.