Mke Hewa wa Kaya Namba 212

"Kaya hewa tumeifukuza, mwalimu! Sifa zote zako!"

Gash Worku, mwenyekiti wa idir, alikuwa anamimina kahawa huku akicheka mpaka mabega yanatikisika. Meklit hakucheka. Yeye ni mhadhiri wa chuo kikuu hapa Addis, na mwaka mzima amekuwa akichunguza hivi vyama vya kuzikana: nani anaingia, nani anaachwa nje. Majina hapewi, anapewa namba tu. Ndiyo masharti ya chuo, eti asije akamdhuru mtu.

"Gashe, mimi niliandika kaya ile ina mashaka. Sikusema mmfukuze mtu."

"Uliandika miaka mitatu mke hajaonekana kwenye msiba hata mmoja. Mke gani huyo? Hewa! Jamaa alidanganya ana ndoa ili aandikishe watu. Jumapili tukambana, akanyamaza kimya. Tukamfuta, yeye na wote waliomo." Akashusha sauti. "Na leo alfajiri baba yake kafariki. Tarumbeta la kutangaza msiba halikupigwa. Hema hatutoi, mtu hatoki."

"Mzee wa watu atazikwa na nani?"

"Atajijua mwenyewe." Akafunua daftari kubwa. "Tena utacheka, mke hewa ni wajina wako! Huyu hapa, 212. Endale Tessema. Mke, Meklit. Mama mkwe, Yeshi wa Dessie. Huyo mama tulimzika sisi, hema letu, masufuria yetu. Mimi sikuwa mwenyekiti bado, lakini nasikia kijana alikuwa na wiki mbili tu chamani. Wazee wakamwambia, tutazika, ila kazi zote utazibeba wewe."

Kikombe kikamponyoka Meklit, kahawa ikamwagika kwenye sketi.

Endale! Mwanamume aliyempenda mpaka akakonda. Mama yake Meklit, huyo Yeshi, alikuja mjini mgonjwa, hana idir, na asiye na idir hana wa kumlilia. Lakini siku ya mazishi watu walifurika, Meklit akaambiwa ni majirani. Yeye akaona jambo moja tu: Endale hakukaa naye hata dakika. Anabeba mabenchi, anakoroga masufuria, anakimbia huku na huko. "Siku niliyokuhitaji ulikuwa wapi?" alimuuliza. Endale akainamisha kichwa. Meklit akamrudishia pete, akaondoka na kiburi chake.

Kumbe alijiandikisha kama mumewe ili mama apate wa kumzika! Na leo kwa kalamu yake mwenyewe kamfukuza mtu aliyemzika mama yake.

Akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya daftari.

"Gashe, soma. Meklit Haile. Mke wa Endale ni mimi."

"Eh! Makubwa haya! Miaka mitatu ulikuwa wapi?"

"Nilisusa. Tuligombana nikarudi kwetu. Mke akisusa anakuwa hewa?"

Mwanamke aliyewafundisha wanafunzi wasipindishe hata nukta, leo anasema uongo mkavu macho makavu.

"Na huo utafiti wako?"

"Nitauchana. Gashe, nakuomba, piga tarumbeta."

Mzee akamtazama sana. Kisha akamwita mpiga tarumbeta. Meklit akaandika ujumbe: "Endale, nimejua yote leo. Pole ya baba. Nakuja na watu."

Jibu likaja upesi.

"Usije. Tumeshazika. Tulikuwa wanne."

Alilia, jamani, alilia pale pale ofisini mpaka Gash Worku akavua kofia.

Saa kumi na moja jioni hema lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, mabenchi yamejaa, watu wanatafuna ngano ya kuchemsha bila kutazamana. Walikuwa na aibu. Meklit akaja amejifunika mtandio mweusi, akasimama mbele ya Endale.

"Ile orodha ya kaya zenye mashaka niliiandika mimi."

"Najua. Karatasi waliyonionyesha ilikuwa na jina lako."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nilidanganya kweli."

"Kwa nini hukuniambia habari za mama?"

"Ungekubali azikwe kwa uongo?"

Asingekubali, na wote wawili walilijua hilo.

"Mwaka ule nilitaka nikuoe kabla ya Pasaka," Endale akasema. "Uongo uishe wenyewe. Baba alikuwa anakuulizia mpaka juzi."

Meklit akaziba mdomo kwa mtandio. Mwenyekiti akakohoa, akaanza kuita majina kama ilivyo kawaida ya idir. Kila kaya ikaitikia. Akafika.

"Mia mbili na kumi na mbili. Endale?"

"Nipo."

"Mke wa Endale?"

Vichwa vyote vikageuka. Endale akatazama chini, mikono yake bado ina udongo wa kaburi.

"Nipo," Meklit akasema.

"Umechelewa," Endale akanong'ona.

"Najua."

Kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kukaa.