Mwangwi Uliokula Batri

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanda ngazi na kufuta paneli za jua juu ya mabati ya redio yetu ya Mubi. Malori yalizimwagia vumbi jekundu tangu asubuhi, na paneli yenye vumbi haishibishi batri. Nilifuta polepole mno. Niseme ukweli, mimi Naomie nilikuwa bingwa wa kuota mchana. Kule juu niliutazama ukungu uliolalia msitu wa Walikale, nikawaza sauti zetu zikipita ndani yake bila kulowa, zikishukia vijiji nisivyovijua, zikikaa jikoni karibu na sufuria za sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Naomie! Unafuta ao unalala?"

Huyo ni mama mdogo Verdiane, msomaji wa redio, aliyenilea. Ulikuwa mwaka wa 2012. Vita vya mashariki ya Kongo viliwatoa watu vijijini kule Masisi, na kila siku saa tisa alasiri mama mdogo alisoma komunike: majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Mimi nilipewa dakika kumi tu kila Jumamosi, nisome salamu za wanafunzi.

Jumamosi moja, fundi wetu Papa Kasika akiwa safarini, nilibonyeza kitufe kwenye kisanduku kinachotengeneza sauti kabla haijaingia kwenye mtambo wa kurusha matangazo. Jamani! Jina langu likatoka kubwa, likajirudia mara tatu na kufifia taratibu, utadhani natangaza kutoka Kinshasa. Nikauacha mwangwi ule hivyohivyo. Jumatatu darasani wakanisifu, "Naomie, sauti yako iko kubwa sasa!" Kichwa kikavimba. Mama mdogo alidhani Papa Kasika ndiye aliyeuweka kabla ya kuondoka, nami sikumsahihisha.

Jumanne batri ilikufa saa kumi na moja. Jumatano ilikufa saa kumi. Mama mdogo akamgeukia Jules, mlinzi wetu.

"Jules, unachaji telefone za watu hapa?"

"Hapana, Mama. Naapa."

"Sasa umeme unaenda wapi? Lete ufunguo."

Jules akaweka ufunguo mezani na kutoka nje bila kuaga. Nikakigusa kile kisanduku kwa siri. Kilikuwa cha moto. Nilijua ni ule mwangwi wangu. Lakini niliona haya, nikanyamaza, na usiku ule sikuota chochote kizuri.

Alhamisi alikuja Mama Euphrasie kutoka Kingi, kule Masisi, miguu imevimba kwa kutembea. Binti yake Mamie, wa miaka mitano, alimponyoka mkononi siku walipokimbia risasi. Tangu Jumatatu jina la Mamie, alilokuwa ametutumia, lilikuwa likisomwa, na hakuna aliyejibu. Asubuhi hiyo alikuwa amesikia kwamba familia moja ya wakimbizi, iliyopumzika kijiji cha mbele, ina mtoto wa kuokota. Hakujua kijiji gani. Alichojua ni kwamba lori lao lingeondoka kesho alfajiri.

"Leo njo leo, ndiyo siku yenyewe," alimwambia mama mdogo. "Kesho sitamuona tena."

Ilipofika saa tisa mama mdogo akafungua karatasi. Hakufika hata jina la pili. Mtambo ukalia ti-ti-ti, taa zikazimika, kukawa kimya. Mama Euphrasie aliketi chini, akafunika uso kwa kitenge.

Wakati huohuo pikipiki ikasimama nje. Papa Kasika huyo, ndevu zimejaa vumbi la safari. Akakagua waya, akakagua maji ya batri, akakuna kichwa. "Sielewi," alisema, mama mdogo alipomweleza habari ya Jules na ufunguo. "Jules njo mwenye kosa?"

"Si Jules, Papa. Ni mimi. Niliwasha mwangwi Jumamosi. Kisanduku kinachemka, nilikigusa jana, nikanyamaza."

"Aka! Siku tano, Naomie?" Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akavuta kiti. "Bon. Kuja hapa. Utanisaidia kurekebisha ulichoharibu."

Akanieleza huku vidole vyake vikibonyeza. Kisanduku kile huikata sauti vipande maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kila kipande hukigeuza namba. Ukitaka mwangwi, kila kipande kinahesabiwa tena na tena, na kila hesabu inakunywa umeme. Tena kisanduku kiliwekwa kilale msomaji akinyamaza, lakini mwangwi hauishi upesi, kwa hiyo hakikupata hata lepe la usingizi.

Akazima mwangwi. Akapunguza vipande, kwa sababu maneno ya mtu hayahitaji vingi kama muziki. Akapunguza na nguvu ya mtambo kidogo. Mimi nilikuwa juu ya bati nikifuta paneli, na safari hii sikuota. Jua lilitoka nyuma ya mawingu kwa robo tatu ya saa.

"Tuna dakika sita, labda saba," Papa Kasika alisema. "Verdiane, soma polepole. Ukinyamaza kati ya majina, kisanduku kinalala."

Mama mdogo akasoma majina yote, moja moja. Kati ya jina na jina kulikuwa na ukimya ambao bado nausikia, mpana, mtulivu, na mimi nikauona msitu mzima umetega sikio. Mwishoni akamsogezea Mama Euphrasie kipaza sauti.

"Mamie," alisema yule mama, sauti yake nyembamba, kavu, bila pambo lolote. "Mamie wangu wa Kingi. Mama iko Mubi. Nakungoja."

Taa zikazimika.

Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliingia uwanjani na mwanamke mmoja nyuma yake. Katikati yao alikuwa mtoto. Mama Euphrasie aliruka, wakaanguka wote wawili vumbini, na sote tukalia, hata Jules aliyerudishiwa ufunguo wake.

"Siku zote tulisikia redio yenu," yule mwanamke alisema, "lakini majina yalikuwa yanapandana, hatukushika hata moja. Jana nikasikia vizuri. Na huyu, aliposikia ile sauti, alikimbia akakumbatia redio yangu, akakataa kuiachia."

Nilitazama chini. Kumbe ule mwangwi niliosifiwa ndio uliomficha Mamie siku zote zile. Nilimwendea Jules nikamwomba msamaha mbele ya watu. Akanivuta sikio kidogo, akacheka.

Papa Kasika aliweka mkono begani mwangu. "Umeona, mwanangu? Umeme wetu ulikuwa unaliwa na hesabu ambazo hakuna muntu aliyezihitaji. Hiyo nimeisamehe, ni utoto. Lakini siku ile ulipogusa kisanduku ukanyamaza, ulimwachia Jules kosa lako, na ukampotezea huyu mama siku nzima. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Basi panda. Vumbi linangoja."

Nikapanda na kitambaa changu. Chini, Mamie alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake.