Jibu Lililotoka Mlango Mwingine

"Mwambieni Otuoma akate miti. Ajenge yeye kwanza."

Jamani! Mzee Odoyo aliyasema hayo akiwa bado kashika mkonga wa simu, katikati ya ofisi ya intaneti, Mwanza mjini, mwaka 1999. Akelo, bintiye, akaangua kilio mbele za watu.

Kama hujui mila za Wajaluo, nikwambie: mdogo hajengi kabla ya kaka. Akijenga, ujue kaka amefutwa.

Kaka ni Odero, yuko Kanada; mdogo wake ndiye Otuoma. Aliahidi kupiga kupitia kompyuta kila Jumamosi saa kumi. Jumamosi tatu mzee katoka nyumbani kwake mtaa wa Pasiansi na fimbo yake. Inaita... ananyanyua... kimya!

Fundi wa ofisi, Mhaya mmoja msomi aitwaye Kahigwa, ndiye aliyemtia sumu. Siku ya kwanza tu alimwambia mitambo ni mizima, mwanao ndiye anayekata.

Sasa sikieni alichofanya huyu bwana.

Simu ya Odero iliingia kwenye kompyuta kwa poti moja, yaani mlango wa mawasiliano. Jibu, Kahigwa akalipangia poti nyingine. Eti ndio utaratibu: kuingia huku, kutoka kule.

Kumbe mtambo wa kwa Odero ulikuwa unapokea jibu kutoka poti ile ile aliyoipigia tu. La poti nyingine ulilitupa. Mzee kapokea huku, Odero kule anangoja tu, hasikii hata kama inaita!

Baada ya kauli ya mzee, Kahigwa moyo ulimsuta. Jumatatu akarekebisha. Jumamosi ya nne Akelo alikuja peke yake, na sauti ikatoka safi kabisa.

"Akelo? Napiga wiki ya nne sasa, ndio leo mnapokea. Baba hajambo?"

Nguzo za Otuoma zilishasimikwa Alhamisi kule kijijini kwao, Rorya, na zikisimikwa hazing'olewi.

Akelo akamgeukia Kahigwa.

"Uligundua lini?"

Kahigwa akainama. Angeweza kudanganya, lakini alikuwa amechoka kuficha.

"Jumamosi ya pili, dada."

Mnaelewa, wadau? Alijua! Aliogopa kwamba Odero akisikika tu, atasema amekuwa akipiga, na yeye fundi ataumbuka. Akaacha Jumamosi ya tatu ipite hivyo hivyo.

Akelo hakumtukana. Alimpa mkonga.

"Mwambie wewe."

Ukikosea, sema siku ile ile. Kahigwa angechekwa Jumamosi moja tu, basi.