Miguu ya Baraza

Kila asubuhi, baada ya kuchota maji na kufungulia mbuzi, Mwongeli alimwogesha mama mkwe wake, akamfunga leso safi, akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi barazani. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Kalondu nguvu za upande wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki mzima. Aliwekewa ungo mapajani, akachambua ndengu kwa mkono huo mmoja, huku akiwaita wote waliopita njiani kwenda soko la Kalamba.

"Wewe Kanyiva! Mbona huyo mbuzi amekonda hivyo?"

"Amenifuata mimi mwenyewe, mama Mwau!"

"Basi kuleni nyote wawili!"

Kanyiva alicheka, na Kalondu akacheka. Siku yake ikawa imeanza.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko. Ukitoka mlangoni, ardhi ilishuka ghafla. Ndiyo maana Mwau, mume wa Mwongeli, alimjengea mama yake baraza la mbao lililokuwa sawa na sakafu ya nyumba, chini ya paa la bati lililotokeza mbele. Alichimba mashimo, akasimamisha nguzo za mbao ndani ya udongo, akalaza boriti juu ya nguzo, kisha akapigilia mbao za kukanyagia. Alizipiga randa moja moja mpaka zikawa laini, ili magurudumu yasikwame. Kabla mwaka haujaisha, Mwau alipata ajali kwenye barabara ya Kitui, akafa.

Baada ya mazishi, Kalondu alizoea kupapasa mbao za baraza kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

Siku moja Mwongeli alikuwa akifagia chini ya baraza. Aliona vijia vyembamba vya udongo vikipanda juu ya nguzo. Alikwangua kimoja kwa ukucha. Mchwa wakamwagika. Alimwita Nyamai, ndugu wa marehemu mume wake. Nyamai alipiga nguzo teke dogo.

"Shemeji, hizi zimeanza kuliwa miguu. Tuzing'oe, tuweke nyingine."

Kalondu alimsikia kutoka juu.

"Nani ang'oe? Nguzo hizo alizisimamisha mwanangu."

"Mama, ni mchwa tu nasema..."

"Kaburi lake si tulilijengea simiti ili lisiporomoke? Basi jengeeni nguzo zake simiti vivyo hivyo. Hapana kung'oa."

Nyamai alimtazama Mwongeli. Mwongeli alitazama chini. Moyoni alijiuliza kama kitu kinachooza kinaweza kuponywa kwa kufunikwa. Lakini kwao, mke hambishii mama wa mumewe. Tena yeye alikuwa mtu wa maneno machache tangu utotoni. Akanyamaza.

Walipaka miguu ya nguzo mafuta machafu ya gari. Wakamimina konkriti kuzizunguka hadi kimo cha goti. Kila nguzo ikawa kama imevaa soksi ya kijivu. Kalondu alishukuru sana. Vijia vya mchwa havikuonekana tena, na Mwongeli akaacha kuchungulia.

Mvua za Novemba zilikuja kwa nguvu mwaka huo. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kumwombea Kalondu. Waliketi barazani, wakaimba. Walikuwa katikati ya wimbo sauti kama ya fimbo kukatika iliposikika. Kona moja ya baraza ikazama. Kiti cha magurudumu kikateleza. Mwongeli alikidaka kwa nyuma, lakini kilikuwa kizito, kikamshinda. Kalondu alianguka kwa mkono wake wa kulia.

Mkono ulivunjika.

Hospitalini ulifungwa plasta. Tangu siku hiyo Kalondu hakuweza kuchambua ndengu, wala kushika kijiko, wala kujifuta machozi. Nyumbani alilala chumbani kwake, akageuza uso ukutani.

"Twende hata mlangoni, mwaitu," Mwongeli alimwambia. Alizoea kumwita hivyo, maana yake mama yangu.

"Niende wapi? Sina pa kwenda."

Uji ulipoa kando ya kitanda. Njiani watu walipita, wakaita, hawakuitikiwa. Mwongeli aliona wazi kwamba mama huyu asipotoka nje, atamalizikia humo ndani.

Nyamai alileta fundi. Alikuwa mwanamke wa Kitui mjini, jina lake Ummi, aliyefundisha useremala katika chuo cha ufundi. Alivaa ovaroli na mtandio kichwani. Kwanza aliingia chumbani kumpa mgonjwa pole.

"Fundi ndiye wewe?" Kalondu aliuliza bila kugeuka. "Mwanamke?"

"Ni mimi, mama. Mbao bado hazijanikataa."

Kalondu aliguna. Swali lile lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Nje, Ummi alivunja konkriti ya nguzo moja kwa nyundo. Akachomeka bisibisi kwenye mbao. Ikazama yote, kama imechomekwa kwenye ugali.

"Ngai wakwa!" Mwongeli alishtuka, akamwita Mungu wake. "Na tuliifunika vizuri."

"Ndiyo shida yenyewe, dada. Mbao ikikauka inanywea. Nafasi ndogo inabaki kati yake na konkriti. Maji ya mvua yanaingia hapo, halafu hayana pa kutokea. Mmeitia mbao kwenye kikombe cha maji. Na mchwa wanapita humo humo kwenye ufa, hamuwaoni."

"Na yale mafuta?" Nyamai aliuliza.

"Yanachafua udongo tu. Hayafiki ndani ya mbao."

"Kwa hivyo konkriti ni mbaya?"

"La. Konkriti ni nzuri ikiwa chini ya mbao. Isiizunguke. Mbao isiguse udongo, wala isikae mahali maji yanapotuama."

Kisha Ummi alipanda juu, akagonga boriti moja baada ya nyingine kwa nyundo. Zote zilitoa sauti kavu, ya mti mzima. "Huyu aliyejenga alichagua mbao nzuri," alisema. "Boriti na mbao za juu hazina neno, zilikingwa na bati. Ni miguu tu. Lakini nguzo zote lazima zitoke, na mwenye nyumba akubali."

Nyamai alikuna kichwa. "Mimi kwa mama siingii tena na maneno hayo. Shemeji, hiyo ni yako."

Mwongeli akaokota kipande cha nguzo iliyooza, akaingia nacho chumbani. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kipande kile chini ya vidole vya Kalondu vilivyochomoza kwenye plasta.

"Mwaitu, shika."

Vidole vilisogea kidogo. Mbao ikavunjika, ikawa unga juu ya blanketi.

"Ni nini hiki?"

"Ni nguzo. Zote ziko hivi. Nilikuwa na shaka siku ile, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Zikibaki, baraza lote litaanguka. Boriti alizoweka Mwau bado ni nzima, nimezisikia mwenyewe zikigongwa. Tukitaka kazi yake idumu, tuing'oe miguu."

Kalondu aliusugua unga ule kwa ncha ya kidole. Mwongeli alidhani amemuudhi.

"Ghala la baba yangu lilikaa juu ya mawe," Kalondu alisema mwishowe. "Mti haukugusa udongo. Mimi nimelala chini ya ghala hilo nikiwa mtoto. Nilisahauje?" Machozi yakamtoka. Mwongeli akamfuta. "Zing'oeni. Lakini boriti za mwanangu zirudi juu."

Kazi ikaanza. Walizishusha mbao na boriti, wakazipanga mahali pakavu. Walichimba mashimo mapya, wakapita udongo laini mpaka wakafika ardhi ngumu isiyobonyea. Chini waliweka mawe madogo, wakayashindilia. Walichanganya konkriti: karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto, na maji kidogo.

"Ongeza maji, ni nzito hiyo," Nyamai alilalamika.

"Unapika uji?" Ummi alimjibu. "Ikiwa nyepesi haitakuwa na nguvu."

Kila msingi ulipanda juu ya ardhi zaidi ya shubiri moja. Upande wa chini wa mteremko, misingi ilikuwa mirefu kama vinguzo, ikatiwa vyuma ndani. Ili vichwa vyote viwe sawa, walitumia mpira mwembamba uliojaa maji, kwa kuwa maji husimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili. Konkriti ikiwa bado mbichi, walichomeka juu yake vishikio vya chuma vilivyokunjwa kama herufi U. Halafu walifunika misingi kwa magunia. Mwongeli aliyamwagia maji asubuhi na jioni, wiki nzima, ili konkriti isikauke haraka ikapasuka.

Ndipo boriti zikarudi. Kila moja ililala ndani ya kishikio, ikiwa imeinuliwa kidogo kutoka kwenye konkriti, ikafungwa kwa bolti. Mbao za Mwau zikapigiliwa juu yake.

Kalondu alipotolewa plasta, mkono ulikuwa mwembamba na dhaifu. Alikubali kusukumwa hadi mlangoni tu. Hapo alimzuia Mwongeli.

"Kanyaga wewe kwanza."

Mwongeli alipita. Akaruka mara moja, kwa nguvu. Baraza halikutikisika.

"Ruka tena."

Akaruka tena. Kalondu akaachia breki ya kiti mwenyewe.

Mchana huo mvua ilinyesha. Mwongeli alikuwa jikoni, akakimbia nje kumwingiza mama ndani, kama walivyozoea. Alimkuta ameinama, akichungulia kati ya mbao. Chini, maji mekundu yaliteremka mbio, yakapita kati ya misingi, yakaenda zake shambani. Juu ya misingi, boriti zilikuwa kavu.

"Twende ndani, mwaitu. Utapata baridi."

"Niache hapa," Kalondu alisema. "Niletee ungo."