Mtego wa Koplo Kombo

Duka la kanga la Ngamiani lilifurika wanawake, na Koplo Kombo ndiye aliyekuwa mwanamume peke yake. Alishika doti ya zambarau, akaivuta, ikagoma. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa binti wa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya embe.

"Unamnunulia nani, kaka'angu?"

"Mama mmoja wa Mabawa. Kafiwa na mwanawe."

"Na jina la kanga hii linamsuta mke mwenza! Yakhe, kanga haichaguliwi kwa rangi." Akacheka mpaka mwenye duka naye akacheka, kisha akamtafutia yenye dua.

Binti aliitwa Najat. Kombo aliondoka na kanga, namba ya simu, na moyo usiosikia la mtu.

Simu zikawa hazipoi.

"Umekula, mpenzi?" Najat aliuliza.

"Nitakulaje, nawe uko Nguvumali mie niko huku?"

"Basi kufa na njaa, nitakuja kukulilia."

Kombo alikuwa likizo, ametoka kulinda amani Kongo, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alipata usingizi wa maana. Mpaka jioni moja, wakila mishkaki bustanini, mkoba wa Najat ulipofunguka kikachungulia kipaza sauti chenye nembo ya redio.

"Kumbe mwandishi?"

"Wa redio. Hukuuliza."

Chakula kikamshinda. Waandishi aliwajua. Walifika kambini wakaingia hema la majeruhi na viatu vya tope. Walimwambia askari aliyekuwa akiswali arudie sijida kwa kuwa kamera haikuwa tayari. Wakamwinamia Mselem, rafiki yake, damu zinamtoka: "Afande, unajisikiaje?" Picha ilisambaa kabla wajumbe wa jeshi hawajabisha hodi kwao Mabawa na habari ya kifo. Mama yake aliiona kwenye simu ya jirani, yuko arusini, hina haijakauka mikononi.

Tangu jioni ile, Kombo hakuwa na raha. Najat akiuliza "umeamkaje," yeye alijiuliza nani mwingine anasikiliza. Akisikia kimya kwenye simu, alidhani anarekodiwa. Alimpenda, na alimwogopa. Mwishowe akatega mtego.

"Nakwambia wewe tu," alinong'ona kwenye simu. "Mselem hakuuawa na adui. Alikimbia, wenzake wakampiga risasi."

Uongo mtupu. Kila asubuhi akafungulia redio kusubiri kama siri itatangazwa.

Hakikusikika kitu. Kilichobadilika ni sauti ya Najat tu, ilinywea, na utani ukaisha. Kombo aliporidhika alimfuata kazini, uso umemkunjuka.

"Mpenzi wangu, umefaulu! Yale yalikuwa uongo, nilikuwa nakupima."

Najat alimtazama kama asiyemfahamu.

"Mie nimekosa usingizi. Nimebeba aibu ya mtoto wa watu kumbe unanipima?"

"Niliogopa, Najat. Hujui walichotufanyia."

"Najua, ulinambia. Wao walimpiga Mselem picha hajawapa ruhusa. Wewe umemfanya chambo, naye hawezi hata kukukatalia. Mna tofauti gani?"

Kombo alimsogelea, Najat akarudi nyuma.

"Kaombe radhi. Si kwangu."

Kombo alikwenda Mabawa. Bi Semeni, mama yake Mselem, alikuwa barazani anachagua mchele. Kombo alimwamkia, akakaa chini, akasema yote. Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo.

"Mwanangu alikimbia?"

"Hapana, mama. Alipigwa risasi akinivuta mimi nirudi nyuma."

"Basi usimsingizie tena, hata kwa mtu mmoja." Alifuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Na huyo binti, siri hiyo aliimeza?"

"Aliimeza, mama. Natamani kutuma wazee kwao, lakini uso sina."

"Mpigie, niseme naye."

Simu ikaita sana ndipo ikapokelewa.

"Shikamoo, mama," sauti ya Najat ilisema, baada ya kuambiwa nani anazungumza.

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana kanikosea, nami nimemsamehe. Anataka wazee wake waje kwenu. Unasemaje?"

Kimya. Safari hii Kombo hakuwaza kurekodiwa, aliwaza tu kwamba amempoteza.

"Wazee waje, mama," Najat alisema hatimaye. "Yeye abaki huko huko. Bado namshuku."