Mwizi Aliyeiacha Skrini

Kompyuta ya marehemu Bi Dama iliibwa siku ya harusi ya jirani, na mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa Inspekta Muindi mwenyewe.

Hakuonewa. Tangu ilipotangazwa kuuzwa, alikuwa akiitembelea kompyuta ile pale Msambweni kama mtu anayeposa. Leo anaikagua printa. Kesho anabonyezabonyeza kibodi. Mara aulize kama haipati moto, mara alalamike kwamba kitufe kimoja kimegandishwa punje ya mchele, kisha anywe chai ya wenyewe na kwenda zake bila kusema ndiyo wala la.

Binti yake, Jemima, alikuwa akifanya kazi Dubai. Macho ya Muindi yalikuwa yamechoka, na kwenye simu uso wa mtoto wake ulimjia mdogo kama kunde. Alitaka kuuona mkubwa, kwenye skrini, paji la uso na meno yote. Lakini kompyuta iliyotumika ni kama ng'ombe wa mnadani: hujui kwa nini mwenyewe anamuuza.

Sasa alisimama sebuleni na Konstebo Ngala, wakiitazama meza. Twaiba, binti wa marehemu, alikuwa bado ananuka vitunguu vya jikoni harusini.

"Mlango ulivunjwa?" Muindi aliuliza.

"Haukuvunjwa."

"Nani alibaki nyumbani?"

"Baba peke yake. Mtaa mzima ulikuwa kwenye masufuria."

"Unamshuku nani?"

Twaiba alimtazama juu mpaka chini. "Afande, unisamehe. Mtu aliyekuwa akiitamani hapa ni mmoja tu, na chai yangu anaijua."

Ngala aliinama kuandika.

"Usiandike hilo!"

"Nimeshaandika, afande."

Muindi aliikaribia meza. Mtambo wenyewe haukuwapo. Kibodi haikuwapo, wala spika. Lakini skrini ilikuwa imekaa palepale, imefunikwa kitambaa chake cha kudarizi. Printa na kipanya navyo havikuguswa.

"Mwizi mjinga," Ngala alisema. "Skrini ndiyo inayouzika upesi Ukunda."

"Tuchukue alama za vidole?"

"Tutapata zako tupu, afande."

Walitoka barazani. Mzee Waziri, mume wa marehemu, alikuwa ameketi wima juu ya mkeka, kofia kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye yule mchumba wa kompyuta?"

"Ndiye. Leo nimekuja kikazi. Ulimwona mtu yeyote akiingia?"

"Mimi? Tangu surua ya utotoni sijamwona mtu, mwanangu."

Ngala alikohoa kuficha kicheko.

"Basi, ulimsikia mgeni?"

"Hakuingia mgeni."

"Ulisikia nini?"

Mzee alifikiri. "Kuku."

Muindi hakuuliza tena. Aliyakumbuka majibu yale moja moja. Hapakuwa na uongo hata mmoja, na mtu asemaye kweli kwa uangalifu namna ile ana jambo. Halafu ile skrini. Ni mwizi gani asiyehitaji kuona? Na punje ile ya mchele ambayo yeye aliiita kasoro: ni kidole cha nani kilichohitaji kuipapasa ili kijue kitufe?

Lakini mtambo ule hauli pumba. Unataka umeme.

"Bi Twaiba, nje kuna umeme?"

"Nje? Labda bandani kwa kuku. Mama alivuta waya wa taa ya kuwapa vifaranga joto."

Waliingia bandani wakiinama. Nyuma ya magunia, chini ya kanga iliyotandikwa vizuri kama kitanda cha mtoto, mtambo ulikuwa unanguruma taratibu. Spika zilikuwa juu ya viota, na kuku, wallahi, walikuwa wamejipanga mbele yake kama wanafunzi wa chuoni. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema:

"...kisu kiko kushoto, Waziri, makali yanatazama ukuta. Kanzu nyeupe iko juu. Na usikae nje bila kofia, jua la Msambweni halina adabu. Umecheka? Najua umecheka."

Twaiba aliketi chini, hapohapo kwenye kinyesi cha kuku.

Nyuma yao fimbo iligonga mlango. Mzee alikuwa amewafuata.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Niandike."

"Uliubebaje?"

"Kwa mikono. Kila kitu cha nyumba hii Dama alinifundisha mahali pake. Alipojua haponi alikaa na mashine hiyo akanisemea yote. Akanigandishia mchele nijue pa kubonyeza."

"Baba!" Twaiba alilia. "Si ungesema! Ulipoulizwa siku ya kugawa mirathi ulisema umeridhika!"

"Mbele ya ustadhi na wakwe, ningesemaje? Mwanamume wa umri wangu agombee kompyuta na watoto wake, kwa kuwa anataka kukaripiwa na mkewe? Nilisema nimeridhika. Neno limetoka, halirudi. Wewe unataka kuezeka nyumba, una haki. Nikaona afadhali niitwe mwizi kuliko kigeugeu."

Muindi alijikuna shingo. "Mzee, sauti hiyo yaweza kuhamishwa kwenye simu. Kazi ndogo."

"Yaweza," Waziri alisema. "Na huo mngurumo nao?"

"Mngurumo gani?"

"Huo. Ukianza, najua Dama amevuta kiti. Bado hajasema, anajisafisha koo. Hapo katikati, mwanangu, huwa hajafa."

Kuku mmoja alihama kiota.

Twaiba alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Mashtaka nayaondoa. Kitu hakikutoka nje ya boma." Kisha, kwa sauti ya chini, bila kumtazama baba yake: "Afande, wewe ndiye mnunuzi pekee. Bado unaitaka?"

Aliitaka. Aliitaka mpaka viganja vilimwasha. Aliutazama mtambo ule unavyonguruma kwa afya, hauna hata kikohozi, akajua hangepata mwingine kama ule kuanzia Waa mpaka Vanga.

"Nataka skrini," alisema. "Na printa. Mtambo ubaki kwa mzee, lakini bei unipe ileile ya kompyuta nzima, nisiongeze wala nisipunguze."

"Afande," Ngala alinong'ona, "skrini bila mtambo itakuonyesha nini?"

"Andika kesi imefungwa."

Alasiri ile, kwenye chumba chake cha kupanga, Muindi aliiweka skrini juu ya meza, akaifuta vumbi, akavuta kiti. Haikuwaka, na haikuwa na la kuwakia. Kwenye kioo cheusi alimwona mzee mmoja amemkodolea macho. Akasogea karibu, akavua miwani, akasogea tena. Paji lile la uso lilikuwa la Jemima, lote, kubwa kama alivyolitaka. Akakaa akilitazama.